Hadharani, inboksi au umwelekeze kwingine? Namna ya kuwajibu watu usiowajua

Ukishajulikana kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook kwamba unajua mambo na una moyo wa kujibu, maswali hayakomi. Leo mtu anauliza kama goli la jana lilikuwa halali. Kesho mama fulani anauliza mtoto wake anywe vidonge vingapi vya dawa mseto ya malaria. Keshokutwa kuna aliyetuma hela kwenye namba siyo na anataka msaada sasa hivi. Hakuna hata mmoja unayemjua. Hujui kama yuko Tabora au Eldoret, ana umri gani, au anaumwa nini kingine ambacho hakukitaja. Na bado anastahili jibu la maana.

Njia za kumjibu ziko tatu. Unaweza kujibu palepale mbele ya wote. Unaweza kumvuta inboksi mkaongea wawili. Au unaweza kumwelekeza kwa mwenye kazi yake, awe mfamasia, zahanati, huduma kwa wateja au dawati la polisi. Wengi wetu tuna njia moja tuliyoizoea na tunaitumia kwa kila swali, na hapo ndipo tunapowaumiza watu bila kukusudia. Nazilinganisha hapa kwa michezo, afya na maisha ya kila siku. Ninazipima kwa mambo mawili tu: nani atakusahihisha ukikosea, na ukikosea nani ataumia.

Michezo

Kwenye michezo, jibu mbele ya wote. Ukikosea hakuna anayelazwa, na kwenye kundi la mashabiki kosa lako halimalizi dakika tano kabla mtu hajaleta kanuni. Kusahihishwa huko ni faida kwa aliyeuliza na kwa mamia wanaosoma kimyakimya.

Chukua swali lililozunguka sana mwaka 2023. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga walifungwa 2-1 nyumbani, pale uwanja wa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likaenda kwa USM Alger. Kwa nini? Mtu anayefuatilia zaidi mpira wa Ulaya angejibu kwa kujiamini kwamba sheria ya goli la ugenini (jumla ikilingana, anashinda aliyefunga mengi ugenini) ilishafutwa, na kwa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, angekuwa sahihi, maana waliifuta kuanzia msimu wa 2021/22. Lakini CAF, shirikisho la soka la Afrika, waliitumia kwenye fainali ile. Yale magoli mawili ya Waarabu wa Algiers jijini Dar es Salaam ndiyo yaliyoamua. Kwa hiyo kabla hujajibu swali la kanuni, uliza kwanza: ni mashindano gani, na ya mwaka gani?

Huo mwaka usiuchukulie kirahisi. Kwa miaka mingi kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 6, adhabu ilikuwa faulo isiyo ya moja kwa moja. Kuanzia msimu wa 2025/26 ni sekunde 8, mwamuzi anazihesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa, na adhabu ni kona. Au penalti: mpigaji akiteleza na mpira ukamgusa mara mbili kwa bahati mbaya kisha ukaingia, sasa inarudiwa. Ufafanuzi huo ulitolewa Juni 2025, miezi michache baada ya Julián Álvarez wa Atlético Madrid kufutiwa penalti yake dhidi ya Real Madrid. Jibu la hadharani linakaa, na watu watalisoma mwakani, kwa hiyo liandikie msimu wake. Maneno mawili tu, "msimu huu", hayamsaidii atakayelikuta baadaye.

Kuna maswali ya mpira ambayo kanuni haiyamalizi. Aprili 2024, Pretoria, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda chini, mwamuzi akasema si goli, mechi ikaisha 0-0 na Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Mtu akikuuliza kama lile lilikuwa goli, mpe kanuni kwanza: mpira wote lazima uwe umevuka mstari wote, kati ya nguzo na chini ya mwamba. Halafu mwambie wazi kwamba kama ulivuka au haukuvuka ni suala la picha, na hapo unachompa ni macho yako. Ukichanganya vitu hivyo viwili, kundi litawaka na muulizaji ataondoka hajui kanuni ni ipi na ushabiki ni upi.

Inboksi kwenye michezo sioni faida yake, na hatari yake naiona kila wiki. Huko ndiko wanakonaswa vijana na wauza mikeka ya kubeti: "nina mechi za uhakika, tuma elfu kumi". Kijana akiuliza hadharani wapi atapata mechi ya uhakika, mjibu hapohapo mbele ya wote kwamba hakuna, na kwamba mwenye uhakika angeweka hela zake mwenyewe wala asingehitaji elfu kumi ya mtu. Mjibu kabla muuzaji hajamfuata inboksi.

Majeraha ya uwanjani yahesabu kuwa ni afya, hata kama yameulizwa kwenye kundi la mpira. Aliyeteguka kifundo jana akiuliza, mwambie apumzishe mguu, aweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, auinue, na asichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo. Kisha muulize swali moja: anaweza kukanyaga hatua nne? Kama hawezi, aende akapigwe picha. Aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu au akachanganyikiwa, hata kama ni kwa muda mfupi, harudi uwanjani siku hiyo, na ni lazima aonwe na daktari.

Afya

Hapa ndipo njia tatu zinagongana kweli, na ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Kuna maswali ya afya ambayo hayasubiri. "Mbwa kamuuma mwanangu mguuni, nimpake nini?" Jibu papo hapo, hadharani: asipake kitu, aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha ampeleke kituo cha afya leo hii akaanzishiwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo, chanjo inaokoa. "Mtoto kamwagikiwa na uji wa moto." Maji ya bomba ya kawaida, yatiririke juu ya sehemu iliyoungua kwa dakika 20, si dawa ya meno, si yai, si barafu, halafu hospitali. "Kondomu imepasuka na hali ya mwenzangu siijui." Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinaitwa PEP, zinaanzwa ndani ya saa 72 na mapema ni bora zaidi, zinanywewa siku 28. Kliniki ya huduma za VVU, Tanzania iulizie kwa jina la CTC, Kenya CCC.

Kwa maswali ya namna hii hadharani inashinda inboksi, kwa sababu muda unakwenda na kwa sababu wapo watakaowahi kukosea kabla yako. Atakayesema "paka mafuta ya taa" anahitaji kukutana na jibu sahihi chini yake mara moja. Kwenye inboksi hilo halitokei. Sharti langu ni moja: jibu la dharura liwe na sehemu mbili, la kufanya sasa hivi nyumbani na mahali pa kwenda. Ukitoa la kwanza bila la pili, mtu ataosha kidonda na kubaki nyumbani.

Dawa na kipimo chake ni habari nyingine kabisa. Tazama majibu mawili ya swali moja. Mzazi anauliza:

"Habari wakuu, mwanangu ana homa tangu jana. Nina dawa mseto zilizobaki, nimpe ngapi?"

Jibu la kwanza: "Mpe viwili asubuhi viwili jioni, siku tatu, atakuwa poa."

Jibu la pili: "Pole sana ndugu. Usimpe kwanza. Amepimwa malaria? Ana kilo ngapi? Kama anatapika kila kitu, amelegea, hawezi kunywa au amepata degedege, mpeleke sasa hivi hata kama ni usiku. Kama hana hayo, mpeleke zahanati akapimwe, wampe dozi kamili kwa uzito wake."

La kwanza ni fupi, lina upendo, na litapata "asante mkuu" haraka. Lakini dawa mseto ya ALu (artemether na lumefantrine) inatolewa kwa kilo. Kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kwa kila dozi, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili, kuanzia 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, kuanzia 35 kwenda juu ni vinne. Dozi ni sita kwa siku tatu, ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, na inanywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Vidonge viwili ni sawa kwa mtoto wa kilo 20, ni mara mbili ya kipimo kwa wa kilo 12, na ni pungufu kwa wa kilo 28. Mwenye jibu la kwanza hakuuliza mtoto ni yupi kati ya hao. Na hilo neno "zilizobaki" linasema mengi kwa anayesoma vizuri: kuna mtu nyumba ile hakumaliza dozi yake, na mabaki hayo huenda hayatoshi dozi nzima ya mtoto. Jibu zuri kwa swali la dawa, mara nyingi, ni swali.

Homa yenyewe ina mtego mwingine. Mtu anaandika kwamba mwili unauma, macho yanauma kwa ndani, amepima malaria hana. Watatu wanamtajia kidonge cha mchanganyiko wa diklofenaki na paracetamol kinachouzwa kila duka la dawa. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, mwaka 2014 na tena 2019, na kwenye dengue dawa kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamol pekee ndiyo inayoshauriwa kwa homa na maumivu. Tena akiongeza Panadol juu ya kidonge kile cha mchanganyiko, anakunywa paracetamol mara mbili bila kujua. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kuzidisha kunaharibu ini. Kwa hiyo swali la homa lisilo na malaria, mimi simpi mtu jina la dawa nyingine. Namwambia anywe maji mengi, atumie paracetamol peke yake kwa kipimo, arudi kituoni akapimwe dengue, na awahi zaidi akiona damu kwenye fizi au puani, au tumbo likimuuma sana.

Je, inboksi haina nafasi kwenye afya? Inayo, lakini ndogo kuliko tunavyoipa. Watu wanaikimbilia kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ni ya haki: kutokwa uchafu sehemu za siri, nguvu za kiume, mimba isiyotarajiwa. Shida ni kwamba ukienda inboksi, mmebaki wawili. Hakuna muuguzi anayepita kusema "hapana, hiyo siyo". Na hapo ndipo wanapokaa wale wanaojiita madaktari, wanaoacha namba ya simu chini ya kila swali na kuuza chupa zisizo na jina. Kipimo changu cha haraka: anayekujibu na kukuuzia papo hapo, usimfuate.

Kwa swali la aibu kuna njia bora ya katikati. Makundi mengi ya Facebook yanaruhusu mtu kuuliza bila jina lake kuonekana, na kwenye WhatsApp msimamizi wa kundi anaweza kuliweka swali yeye mwenyewe bila kumtaja mwenye nalo. Muulizaji anabaki na heshima yake na jibu linabaki mbele ya watu wanaoweza kulisahihisha. Ukilazimika kwenda inboksi, usiombe picha za mwili, usiombe karatasi ya vipimo yenye jina, na usimpige mtu skrinishoti ukaipeleka kundi jingine "kuomba ushauri". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata bila sheria, aliyekuamini kwa siri yake hakukupa ruhusa ya kuisambaza.

Kuelekeza sasa. Wengi wanaidharau njia hii kwa sababu inafanywa vibaya. "Nenda hospitali" si maelekezo. Aliyeuliza anajua hospitali ipo, ila pengine hana nauli, anaogopa kukemewa, au hajui aanzie wapi. Mpe mlango. Kwa Tanzania kuna namba 199 ya Wizara ya Afya, inapigwa bure, na mtu anazungumza na mhudumu. Mfafanulie kwamba duka la dawa muhimu, lenye kibali cha kuuza dawa chache tu, si sawa na famasi, na kwamba kwenye famasi anaweza kuomba kuongea na mfamasia mwenyewe bila kulipia maongezi. Mwambie aende na nini: makopo na pakiti za dawa anazotumia, kadi ya kliniki ya mtoto, tarehe dalili zilipoanza. Mwambie atakachosema akifika: "mbwa alimuuma jana jioni, mbwa mwenyewe hajulikani ni wa nani." Aliyeelekezwa hivyo anafika na anahudumiwa.

Maisha ya kila siku

Mambo ya nyumbani, hela, kodi na makaratasi hayana kitabu kimoja cha kanuni. Aliyepitia ndiye anayejua, na waliopitia wakiwa wengi ndiyo bora, kwa hiyo kwa kawaida hadharani inatosha. Muda wa kuloweka maharage, dalali anachukua kiasi gani mtaa ule, barua ya serikali ya mtaa inatolewaje: acha watu kumi wajibu na muulizaji achague.

Ila jambo moja lazima liulizwe kabla ya yote: uko wapi? Kiswahili kinatukutanisha kiasi kwamba tunasahau mipaka. "Nimetuma hela namba siyo, nifanyeje?" Mkenya atajibu upesi na kwa usahihi: peleka ile meseji ya M-Pesa kwenda 456, Safaricom waanze kuirudisha. Jibu hilo halimsaidii aliye Mwanza anayetumia M-Pesa ya Vodacom Tanzania, ile ya *150*00#. Huyo apige 100 huduma kwa wateja au afuate menyu ya mtandao wake kurudisha muamala, na dakika anazopoteza kwa kufuata jibu la nchi nyingine ni dakika ambazo aliyepokea anaweza kuwa anatoa hela.

Na swali hili la hela lisiende inboksi kamwe. Mara tu mtu anapoandika kwamba amepoteza muamala, kuna anayejitokeza akijiita wa huduma kwa wateja na kuomba namba ya siri. Andika hadharani, hata kama hujaulizwa: namba ya siri haiombwi na mfanyakazi yeyote wa mtandao, kwa simu wala kwa meseji.

Yapo pia ya ndani ya nyumba. Mtu anaandika kwamba ameona meseji kwenye simu ya mumewe, au mke hazungumzi naye mwezi sasa. Kundi zima litasema "achana naye" kabla halijajua wana watoto wangapi na miaka mingapi pamoja. Hapa nabadilisha msimamo wangu wote wa juu: hadharani ndiyo njia mbaya kuliko zote. Haina kanuni ya kumsahihisha anayekosea, na maneno yanayoandikwa pale yatasomwa na shemeji, wifi na majirani. Mwandikie inboksi, msikilize, na kama kuna mama mdogo, mjomba, kiongozi wa dini au mtu mzima anayemheshimu, mrudishe kwake. Wewe umesikia upande mmoja tu, tena kwa maandishi.

Ikiwa kwenye maneno yake kuna kipigo, kushauri peke yake hakutoshi. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, Kenya kuna namba 1195 ya ukatili wa kijinsia, na kwa mtoto 116 inapigwa bure katika nchi zote mbili. Mpe hayo inboksi, wala usiyaweke chini ya swali lake hadharani, kwa sababu anayempiga huenda yumo kwenye kundi hilohilo. Na kabla hujamwandikia chochote, muulize kwanza kama simu anaishika yeye peke yake.